Ndoo Nyekundu za Bwenini

Jumatatu, 7 Oktoba

Joto tangu alfajiri. Hakuna wingu. Upepo wa vumbi kutoka upande wa reli.

Kengele, kisha ukaguzi. Nimepita mabweni yote. Vitanda vimetandikwa isipokuwa vya wagonjwa. Vyoo havitazamiki, na leo sikumgombeza mtu. Ndoo nyekundu za zimamoto zipo kwenye ndoano zake barazani, mchanga juu. Tangi la kunywa nimetia dawa mwenyewe, nimeonja. Tangi la bafuni limejazwa jana na boza, lile gari la maji, kutoka bwawani, maji rangi ya chai ya maziwa. Ya kuogea tu. Pampu ya kisima bado mbovu.

Wagonjwa wapya wanne. Kuhara, kutapika, homa. Chumba cha wagonjwa kimejaa, wengine nimewalaza chini kwenye magodoro. Ilianza siku chache baada ya Jumapili ya wazazi na haijasimama. Wa mwanzo walipona kwa maji ya chumvi na sukari. Hawa wa sasa hawaponi. Kabula ndiye yuko vibaya kuliko wote. Kidato cha Tatu, mtoto wa kaka yangu wa ukoo, kwao Puge kama kwetu. Mbele ya watu ananiita Matroni, tukiwa wawili ananiita Shangazi. Leo hakuniita lolote. Macho yameingia ndani.

Nilikwenda jikoni kuomba maji ya moto. Nikamwamkia Bi Tatu, mpishi mkuu, kama kila siku, kwa sababu ni mkubwa kwangu na mama alinifunza hivyo. Shikamoo. Akaijibu sufuria: marahaba. Kisha akaanza. Watoto wenu hawanawi mikono, halafu mnakuja kunimalizia kuni zangu. Nikamwambia kuni ni za shule. Akasema mla michembe hatamfundisha yeye jiko.

Ndilo jina langu jikoni. Mla michembe, vile viazi vitamu vikavu vya kwetu. Miaka yote hii. Yeye ni mtu wa mjini Tabora, wa pilau na maulidi, na hachoki kutukumbusha kwamba bibi wa bibi yake aliwapikia watu wa misafara waliopita njia hii kwenda Ujiji, na hakuna aliyeugua njiani.

Waliokufa njiani hawakurudi kulalamika.

Simpendi. Niandike wazi, hapa sina msomaji.

Jumanne, 8 Oktoba

Mawingu kidogo asubuhi, yakatawanyika. Joto lile lile.

Kabula kapelekwa hospitali mjini kwa gari la shule. Alishika upindo wa kitenge changu, hakuachia mpaka dereva alipowasha gari. Mchana wakapiga simu: homa ya matumbo, na wanahofia utumbo usije ukatoboka. Nilikaa chini kwenye ngazi za ofisi. Watu wakanipita.

Mkuu wa shule kaita kikao cha ghafla. Mwanamke mfupi, mwenyeji wa Tanga, hapandishi sauti kamwe. Ningependa apandishe. Wazazi wanapiga simu mfululizo. Bodi inakuja Jumamosi na anataka kuwa na jibu. Maana yake anataka mtu.

Wasichana waliitwa mmoja mmoja. Wote: maharage ya Alhamisi yalinuka. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kama shairi la kukariri. Niliona hilo. Nikaliacha lipite kwa sababu lilinipendeza.

Zamu yangu nikasema nilichokiona. Sufuria la maharage liliachwa wazi. Nzi. Kitambaa kimoja, kinafuta meza, kinafuta mikono, kinashikia vyombo vya moto. Ni kweli yote. Niliyasema kwa raha.

Mkuu akafunga kalamu. Basi ni jiko. Jumamosi Bi Tatu ataachishwa kazi mbele ya bodi, wazazi wapate taarifa siku hiyo hiyo.

Bi Tatu alinisubiri nje. Habari za jikoni hufika kabla ya chakula.

"Umeniuza, mwana wa Puge."

"Nimesema nilichoona."

"Umeona sufuria. Mimi nimeona matroni wanakuja na matroni wanakwenda. Sufuria zipo."

Wasaidizi wake wakacheka, na mmoja akabinua midomo. Nikaenda zangu.

Ana wajukuu anaowasomesha kwa mshahara huu. Hilo si kosa langu. Nimefurahi. Nimeandika, sifuti.

Jumatano, 9 Oktoba

Jua kali kabla ya saa mbili. Vumbi mpaka kwenye meno.

Bwana Afya kaja kutoka Isikizya. Mtu mwembamba, mpole, pikipiki yake haijulikani ilikuwa rangi gani. Kakagua jiko, stoo, vyoo, matangi yote mawili. Kachukua maji kwenye vichupa. Bi Tatu alimfuata nyuma na mwiko mkononi hatua kwa hatua, kama askari na mfungwa, ila sikujua mfungwa ni nani. Bwana Afya akamwambia afunike sufuria na achome kile kitambaa. Bi Tatu akakichoma pale pale, akinitazama mimi.

Kisha Bwana Afya akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza tangu yaanze. Nani hajaugua?

Nikafikiri. Walimu hawajaugua. Mlinzi, hapana. Wapishi, hapana. Kidato cha Kwanza, hakuna hata mmoja, na wao wana bweni lao peke yao, ukuta mmoja na chumba changu. Wote hawa wanakula sufuria moja na wanaougua. Mlinzi ndiye anayekomba ukoko.

Bwana Afya alifunga mkoba wake akaniacha na jibu langu.

Sikupenda. Nilikuwa na mkosaji mzuri.

Alasiri kaja mzazi mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Igalula, hasira zimemtangulia getini. Alisimama dirishani pa jiko akamwita Bi Tatu muuaji. Bi Tatu hakuacha kukoroga.

"Mwanao akipona mlete nimfunze adabu. Na wewe uje naye, naona hamkufunzwa nyumba nzima."

Mzee akatema mate ukutani. Mlinzi akamtoa. Bi Tatu akaendelea kukoroga ugali, lakini nilimwona akiegemea meza baadaye, kiganja kifuani. Sikwenda kumuuliza. Aliponiona akaufunga mlango kwa teke.

Alhamisi, 10 Oktoba

Joto. Ndege hawakulia asubuhi, au sikuwasikia. Nimelala vibaya.

Bwana Afya kapiga simu. Jiko salama. Maji ya kunywa salama. Tangi la bafuni limejaa uchafu wa vinyesi. Nikamwambia maji ya bafuni hayanywewi na mtu. Akasema: "Matroni, kuna mtu anayanywa. Mtafute."

Nikampelekea Mkuu habari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema wasichana hawana wazimu wa kunywa maji ya kuogea huku tangi la dawa liko hatua chache, na kwamba bodi itakuja Jumamosi kama ilivyopangwa. Akaniuliza kama nimebadili maneno yangu ya Jumanne. Nikasema hapana. Akasema vizuri.

Nimepekua mabweni mchana, wakiwa darasani. Matranki, magodoro, nyuma ya makabati. Chakula bwenini ni marufuku, kama ilivyo kwa jiko na hita, tangu godoro liungue mwaka jana. Adhabu ni kurudishwa nyumbani. Sikuona jiko, sikuona hita. Niliona mafuta ya nywele, barua za mapenzi zenye makosa ya herufi, kikombe kimoja cha bati chini ya kila dirisha la baraza. Kikombe si kosa.

Waliporudi wakajua. Msichana hujua mkono ulioshika vitu vyake. Jioni walipokuwa wakifua wakaimba wimbo wa kutunga wenyewe, kuhusu panya anayenusa nguo za ndani za watu. Panya ana funguo kiunoni. Sauti tatu, wakapanga na kiitikio. Walinitazama wakiimba. Kuna siku nawachukia hawa watoto wote kwa pamoja.

Niliuliza kila mmoja: unakunywa maji gani? "Ya dawa, Matroni." Ya dawa. Ya dawa. Tena shairi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wingu zito saa moja asubuhi, halikuleta kitu.

Nimekwenda mjini kumwona Kabula. Alikuwa na dripu, midomo imepasuka, lakini macho yamerudi mahali pake. Muuguzi akasema hatari imepungua. Nilimsalimu kwa lugha ya nyumbani. Mwangaluka. Akaanza kulia.

Nikamwambia kwamba Bi Tatu wa jikoni anaachishwa kazi kesho. Nikamwambia maji ya bafuni ni machafu na kuna mtu anayanywa. Akageukia ukuta.

"Hatunywi, Shangazi. Tunalowekea."

Mnalowekea nini?

"Michembe."

Haya, niandike kwa utaratibu. Jumapili ya wazazi waliingiza michembe ndani ya foronya za mito. Mimi nilikuwa getini nikipekua mabegi. Hawana jiko, hawana hita. Basi wanailoweka siku mbili mpaka inakuwa laini, wanaila hivyo hivyo. Wanaiita keki. Yale maji yake ni matamu, wanayanywa zamu kwa zamu kwa kikombe kimoja. Wanachota tangi la bafuni kwa sababu liko nyuma ya bweni na la dawa liko mbele ya dirisha langu. Tena dawa inaharibu utamu. Kidato cha Kwanza hawapewi. Mpaka wakue, alisema, kama jambo la kawaida kabisa.

Nikauliza inalowekwa ndani ya nini, maana nimepekua kila kitu.

"Ndoo za moto."

Ndoo za zimamoto. Nazipita kila asubuhi. Naandika kwamba zipo.

"Nani alianza?"

Akavuta shuka. Yeye ndiye.

Ni mtu gani wa kwetu asiyejua kwamba michembe hailiwi mibichi? Matobolwa, sawa, yale yamechemshwa kabla ya kuanikwa, mtoto anatembea anatafuna. Michembe ni kiazi kibichi kilichokatwa kikaanikwa juani, kwenye jabali, na mbuzi wanapita. Lazima ichemke. Mama hakuwahi kutuambia, kwa sababu hakukuwa na haja. Nani angeila bila moto? Mtoto aliyenyang'anywa moto.

"Shangazi, usiseme. Baba ataniachisha shule."

Sikumwahidi kitu. Nikamwachia machungwa. Najua haruhusiwi, nilimwambia ayanuse.

Nimerudi shule wasichana wakiwa kwenye masomo ya jioni. Nikateremsha ndoo ya kwanza. Mchanga juu, kidole kimoja tu. Chini ya mchanga sahani ya plastiki. Chini ya sahani, povu, na harufu ya nyumbani iliyooza. Ndoo zote za baraza lile ni hivyo. Na paka wa jikoni huruka kutoka ukingo wa baraza kujisaidia kwenye mchanga ule, naona nyayo.

Nimekaa na jambo hili na nalichukia.

Nikimwaga zote sasa hivi, nikaziosha, nikajaza mchanga safi, ugonjwa unakwisha. Hakuna mtoto atakayedhurika tena. Kabula anabaki shule. Hakuna atakayeuliza mkaguzi alikuwa wapi. Na yule mwanamke anaondoka kesho na mwiko wake na bibi wa bibi yake. Na nikisema, kesho jiko zima litajua kwamba michembe ndiyo iliyowaangusha watoto wa watu. Michembe ya kwetu. Nitalisikia hilo mpaka naingia kaburini.

Nimemwaga. Nimeosha kwa dawa mpaka mikono inawasha.

Nimebakiza ndoo moja. Iko chini ya kitanda changu. Inanuka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi ya vumbi jekundu. Niliamka kabla ya kengele, kama nililala.

Bodi walifika, wakapewa soda. Bi Tatu aliitwa akasimama karibu na mlango, baibui safi, mikono nyuma. Mkuu akasoma. Uzembe wa usafi wa jiko. Akasema Matroni atathibitisha.

Nikaingia na ndoo nikaiweka mezani, juu ya kitambaa cheupe. Nikaondoa sahani.

Wazee wa bodi ni wa huku huku. Mmoja akanusa, akasema, "Hii ni michembe." Mwenzake akachungulia. "Mibichi?" Wa tatu akashika kichwa. Walielewa kabla sijafungua mdomo. Aliyehitaji kuelezwa ni Mkuu. Nikaeleza: maji ya boza, ndoo, kikombe, walimu wazima, Kidato cha Kwanza wazima. Nikasema niliyoyasema Jumanne kuhusu jiko ni kweli na hayahusiani.

"Majina," Mkuu akasema.

Nikasema bweni ni langu na ukaguzi ni wangu.

"Nimeuliza majina ya wanafunzi."

Nikarudia.

Sauti yake haikupanda. Akasema matroni anayepita mbele ya ndoo kila siku bila kuingiza kidole hana kazi ya ukaguzi, ana kazi ya matembezi. Ni kweli, na ilinichoma zaidi kwa kuwa kweli. Uamuzi: Bi Tatu anabaki. Mimi naondoka shule ikifungwa Desemba. Michembe yote ikusanywe ichomwe moto. Pampu itengenezwe, ambayo waliiahidi tangu Agosti.

Nilitegemea Bi Tatu aseme neno. Alinipita mlangoni. "Ulijua tangu lini?"

"Jana."

"Na ukalala nalo."

Nikarudi mezani kuchukua ndoo.

Jioni nikakusanya foronya. Walinipa bila kunitazama. Msichana mmoja akasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba kuna watu wanamtetea mpishi anayetupimia maharage kwa kijiko cha dawa kuliko watoto wao. Wengine wakaitikia mhm. Wakati wa sala wakakaa mbali nami, benchi zima nilibaki peke yangu. Vizuri. Nilinyoosha miguu.

Jumapili, 13 Oktoba

Mawingu ya kweli leo, kutoka upande wa Sikonge. Harufu ya mvua, mvua yenyewe bado. Kumepoa.

Mgonjwa mpya hakuna. Chumba cha wagonjwa nimefungua madirisha.

Nilipiga simu hospitali. Muuguzi kasema Kabula amekaa, amekunywa uji. Nikaomba kuongea naye. Nikasikia sauti yake nyuma, wazi kabisa: mwambie nimelala. Muuguzi akaniambia amelala. Nikasema asante.

Baada ya ibada nikachukua kiberiti kwenda nyuma ya jiko kuchoma michembe. Foronya nilizozipanga pale jana zilikuwa tupu, zimefuliwa, ziko kwenye kamba.

Sufuria kubwa lilikuwa motoni, limefunikwa. Bi Tatu alikuwa akitwanga karanga. Nikamwambia agizo la Mkuu ni kuchoma. Akaendelea kutwanga.

"Chakula hakichomwi. Anamwambia nani? Aje aniambie mimi."

Nikasimama tu na kiberiti changu.

"Wapagazi wote walikula hii kutoka hapa mpaka Ujiji," akasema. "Ila wao walikuwa na akili ya kuipika."

Mchana wasichana walipanga foleni, Kidato cha Kwanza mbele, amri ya Bi Tatu. Michembe na karanga, mizito, inayomeng'enyeka. Kelele zilikoma. Hata ule wimbo. Mkuu alitokea mlangoni, akatazama, akaondoka.

Nilipanga foleni nyuma ya wote. Zamu yangu ilipofika nikamwamkia, maana tangu asubuhi nilikuwa sijamwamkia. Shikamoo. Aliinua uso.

"Marahaba."

Akanipimia nusu upawa, kama watoto. Nikasubiri ajaze. Hakujaza.

"Usidhani nimesahau," akasema. "Haya, pisha."

Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Nikapisha.

Nimekula yote barazani, chini ya ndoo. Nimeingiza kidole katika kila moja. Mchanga mpaka chini.

Nyongeza, asubuhi ya Jumatatu: nilipitiwa na usingizi saa tatu usiku, wa kwanza mzuri kwa siku nyingi. Taa iliwaka mpaka kengele.